Sista na Ile Sauti ya Polepole

Ukiingia chumbani kwa Sista, kabla hujaketi, alikuuliza kama umefunga mlango. Ulikuwa mlango wa plaiwudi uliopinda kwa jua la Lodwar, na haukufungika mpaka uunyanyue kidogo kwa mguu ndipo uusukume. Wanawake waliomzoea walijua. Mgeni alihangaika nao, na Sista akangoja kimya, mikono mapajani, mpaka kitasa kilipolia. Hapo ndipo alisema, "Ejok," salamu ya Kiturkana, na mazungumzo yakaanza.

Mimi nilikuwa nje, dirishani. Nilifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ile kwa miaka mingi, kazi ya kuita majina, kuandika shida za watu na kutukanwa na wenye haraka. Aliniita "wewe wa dirishani" hata tulipokuwa tumeshakuwa marafiki. Sisi sote tulimwita Sista, kuanzia daktari hadi askari wa getini, si kwa kuwa alikuwa mtawa, maana hakuwa, bali kwa sababu nesi wa umri wake hapa kwetu huitwa hivyo mpaka jina lenyewe linasahaulika.

Kazi yake ilikuwa kupanga uzazi. Labda kuna miji ambako jambo hilo husemwa bila shida. Hapa kwetu mwanamume aliyetoa ng'ombe na ngamia wa mahari huuliza kwa nini mke wake anataka kufunga tumbo, na mama yake huuliza kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo wanawake walikuja na shida nyingine. Walisimama dirishani wakasema mtoto ana kikohozi, au wamemleta chanjo, au kichwa kinauma, huku wakiutazama ule mlango uliopinda. Mimi niliandika kikohozi. Nilikuwa nimeshaelewa, na Sista alijua kwamba nimeelewa, na hatukuwahi kulizungumza.

Alikuwa na taratibu zake ambazo hakuna aliyemfundisha. Mama akishaingia na mtoto, Sista alimpokea mtoto. Sindano yenyewe ilichomwa na nesi mdogo, msichana mpole wa Kainuk, nyuma ya pazia kwenye kona ya chumba kilekile. Sista alikaa mezani na mtoto wa watu mapajani, akimchezesha, akimwuliza habari za mbuzi. Alisema mama anayechomwa sindano akisikia mtoto wake analia hukaza misuli, na dawa huuma zaidi. Mimi naona pia kwamba alipenda tu kuwashika. Watoto wa Lodwar wa miaka ile wengi walikojoa kwenye sare yake kabla hawajajua kutembea.

Mtu asije akadhani alikuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa mbea wa hali ya juu. Angeweza kusimama dirishani kwangu akanisimulia harusi ya jirani tangu wageni walipofika mpaka mpishi alipokimbia na nyama, na akacheka mpaka akashika ukuta. Alijua kiongozi gani amejenga wapi na mke wa nani amehamia kwa nani. Lakini kilichosemwa nyuma ya mlango wake hakikutoka. Siku moja nilimchokoza, nikamwuliza kama mwalimu fulani wa kike, ambaye watu walimsema sana, alikuwa anakuja kwake. Alinitazama akasema, "Wewe wa dirishani, ukitaka tuendelee kula pamoja, hiyo usiulize tena." Sikuuliza tena.

Wanaume aliwaweza. Alikuja mmoja, dereva wa malori ya Lokichar, amefura, anataka kujua mke wake hufuata nini hapa. Sista hakubabaika. "Alikuja nikampima presha," alisema. "Nikamwambia apunguze chumvi. Na wewe kaa hapo nikupime, naona shingo imesimama." Alimfunga ule mpira wa kupimia mkononi, akaupuliza, akatikisa kichwa kwa huzuni, akamwambia presha yake inatisha na asigombane na mtu yeyote nyumbani. Yule bwana aliondoka kwa miguu ya taratibu. Mwanamke huyohuyo asiyeogopa dereva wa malori alikuwa anaogopa kuku. Kuku akiingia uani, Sista alipanda juu ya benchi.

Macho yalianza kwa vitu vidogo. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango aliopita maisha yake yote. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Ukimwambia, alikasirika. "Macho yangu iko sawa. Ni nyinyi mnaacha vitu ovyo." Asubuhi moja alisimama mbele ya koti la dereva wetu lililotundikwa kwenye msumari, akalisalimu vizuri kabisa na kuliuliza kama goti limepata nafuu. Tulicheka, na yeye akacheka. Kisha akaenda kuligusa lile koti, akaligusa mara ya pili, na sikumsikia tena akicheka kwa namna ile.

Baadaye nilijua kwamba alikuwa ametuficha muda mrefu. Wanawake wetu wengi huvaa shanga shingoni, tabaka juu ya tabaka, na kila mmoja mwendo wake na shanga zake zina mlio wake. Sista alikuwa amejifunza milio hiyo. Mwanamke akikanyaga tu kizingiti, alimtaja kwa jina, na mwanamke akafurahi kwamba amekumbukwa. Hakuna aliyejua kwamba hakuwa anaona uso.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha potea hakirudi, kinachowezekana ni kuchelewesha kilichobaki. Sista alimwuliza kuchelewesha mpaka lini. Daktari akaangalia makaratasi yake. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyempeleka, na nakumbuka alivyoshukuru kwa heshima, akaomba aonyeshwe mlango uko upande gani.

Wakati huohuo kliniki iliacha kadi ikaleta kompyuta. Kwa mtu mwingine lingekuwa balaa la pili, lakini kwake likawa kamba ya kushikilia, maana herufi za kompyuta hukuzwa na za kadi hazikuzwi. Nesi mdogo alimwonyesha namna ya kuzikuza. Akageuza kioo kikawa cheusi na maandishi ya manjano, akasema afadhali. Kisha akazikuza tena, na tena, mpaka neno moja likajaa kioo kizima na jina la mwanamke halikuenea. Alilisoma kipande kwa kipande, pua karibu iguse kioo, akivuta maneno kutoka upande wa kulia. Nilimpelekea chai nikamkuta hivyo, nikarudi dirishani. Mwisho wa msimu ule wa kiangazi aliniambia, "Sasa ni moshi tu."

Mtu mmoja ndiye aliyetuambia kwamba Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, kuna darasa ambamo vipofu wanajifunza kompyuta. Tulienda pamoja mara ya kwanza. Mwalimu alikuwa Mkongo, kipofu tangu utotoni, mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya upole. Alimkaribisha Sista kwenye kiti, akamvalisha waya wa masikioni, akamwambia abonyeze. Nilimwona Sista akishtuka. Mashine ilikuwa inamsomea kila kitu kilichokuwa kwenye kioo.

"Ni nani huyu?" aliuliza.

"Si mtu, mama. Ni mashine. Inakusomea. Hainaga kuchoka."

"Anaongea na pua."

"Utaizoea. Mimi nayo tunakaa kama bibi na bwana."

Kisha yule mwalimu akachomoa waya wa kompyuta yake mwenyewe ili sisi tusikie yeye anavyosoma. Sikuelewa hata silabi moja. Ilikuwa inabwata mfululizo, bila kupumua, kama mahindi kwenye sufuria ya moto. Nilimwuliza kama imeharibika. Alicheka sana.

"Hapana, dada. Ni mbio. Mimi minasikia yote. Wewe hausikie kitu, na hiyo ndiyo uzuri. Hapa kwetu nyumba ni za turubai, batu bote banasikia ya bengine. Mbio ndiyo mlango yangu." Akamgeukia Sista. "Na wewe, mama, kila wiki uongeze mbio kidogo. Kidogo tu. Utafika."

Sista alisema ataongeza.

Hakuongeza. Ndiyo sababu ninaandika haya, na mpaka leo nikiyafikiria nakosa usingizi. Alijifunza kila kitu kingine, na kwa bidii iliyotutia aibu sisi wenye macho. Alirudi Kakuma kila alipopata likizo. Alijua vitufe vyote kwa vidole, alijua kuruka kutoka jina hadi jina, alijua kitufe cha kuinyamazisha. Mwalimu alimwekea sauti ya Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza cha mashine kilimteleza. Rekodi kubwa ya serikali ilikuwa kwa Kiingereza na nesi mdogo ndiye aliyeijaza, lakini Sista aliandika maelezo yake mwenyewe pembeni, kwa Kiswahili, mwanamke mmoja mmoja, ili asikosee. Ila ile sauti aliiacha polepole. Ilisoma kama mchungaji anayesoma sensa ya Waisraeli.

Mwalimu alikuwa akimpigia simu. "Mama, umeongeza mbio?" Sista akajibu, "Nitaongeza." Akishakata simu aliniambia yeye hana haraka, mgonjwa haharakishwi, na ile sauti ikikimbia anajiona kama anayegombezwa. Alikuwa amekaa maisha yake yote akisikiliza wanawake wanaosema maneno matatu kisha wananyamaza. Sikio lake lilikuwa limefundishwa hivyo. Kwa kweli mimi mwenyewe nilimwunga mkono. Nani angetaka kusikiliza mahindi kwenye sufuria siku nzima?

Na kwa muda mambo yalikwenda. Mashine aliipa jina la Mgeni. "Mgeni amekataa kuamka leo," angesema asubuhi. Alivaa waya sikio moja, lile la kushoto, na la kulia akamwachia mwanamke. Mwanzoni wanawake waliogopa, wakauliza ni nani anayemnong'oneza, na yeye akawaambia ni maandishi yake tu yamejifunza kusema. Wakazoea. Alianza hata kuringa. "Nyinyi mkisoma, mikono imekaa bure," aliniambia. "Mimi nasoma na mtoto nimeshika." Daktari mkuu, aliyekuwa ameshaanza kusema habari ya kumpumzisha, akaacha kusema. Sista alinunua sare mpya. Nilidhani tumepona.

Sasa niseme ile siku.

Alikuja mwanamke mmoja kijana. Jina lake silitaji, limeshatajwa vya kutosha. Alikuwa mmoja wa wale wa siku nyingi, mkewe yule dereva wa Lokichar. Alikuwa na watoto watatu, na wa mwisho alimbeba. Dirishani alisema chanjo. Nyuma yake alikuwa mama mkwe wake, mzee mwenye shanga zake zote na kigoda mkononi, ambaye siku hiyo alikuwa ameamua kumsindikiza. Niliandika chanjo. Mzee akaketi kwenye benchi pamoja na wengine, karibu na mlango kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli.

Umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi. Feni imesimama, kompyuta inatumia betri, na chumba kile chenye bati bila dari kilikuwa tanuri. Mlango ulifungwa kama kawaida. Baada ya muda kidogo nesi mdogo akaufungua kiasi, upepo upite. Alinieleza baadaye, akilia, kwamba hakuona ubaya, kwa vile mashine ilikuwa inasema ndani ya sikio la Sista na yeye mwenyewe alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Sista aliusikia mlango. Katika siku nyingine angesema ufungwe. Lakini mtoto alikuwa mapajani mwake, analowa jasho, analia kwa joto, na upepo ulipomgusa akanyamaza. Sista akaacha.

Mama akaenda nyuma ya pazia. Sista, mtoto mkono mmoja, akabonyeza Mgeni amsomee maelezo ya mwanamke. Na mtoto akaona ule waya unaoning'inia, akaukamata kama mtoto yeyote anavyokamata kitu kinachoning'inia, akauvuta.

Ukichomoa waya, sauti hutoka kwenye spika. Ilitoka kwa nguvu, maana Sista alikuwa ameipandisha kwa sababu ya kelele za nje. Ikasema jina la mwanamke, jina lake na la baba yake. Ikasema, polepole, kila neno na nafasi yake: "Sindano ya kupanga uzazi. Anakuja kwa siri. Mume hajui. Mama mkwe hajui. Usimpigie simu."

Hayo aliyaandika Sista mwenyewe, ili kumlinda.

Aliruka kutafuta kitufe, lakini mtoto alikuwa ameanza kuteleza na ikambidi amshike kwa mikono miwili. Mashine ikaendelea. Ikataja jina la mwanamke wa pili. Niliacha dirisha nikakimbia kuzunguka kaunta, na nilipofika mlangoni nesi mdogo alikuwa ametoka nyuma ya pazia na kuifunga kompyuta kwa kiganja. Kwenye benchi zima kila mtu alikuwa anaangalia miguu yake.

Mama mkwe anajua Kiswahili, ameuza mbuzi soko la Lodwar tangu ujana wake. Aliinuka, akachukua kigoda chake, akatembea mpaka getini, akatoka. Mwanamke alitoka nyuma ya pazia akirekebisha nguo, bado hajaelewa, akanyoosha mikono apewe mtoto wake. Sista alimpa.

Yaliyofuata mtu yeyote wa hapa angeyatabiri. Mume alifika kutoka Lokichar. Alimpiga, kisha akamrudisha kwa kina kaka zake, Kainuk, na watoto wakabaki, kwa sababu mahari ililipwa na watoto ni wa nyumba ile. Hata wa kunyonya alibaki. Sista alitaka kwenda kusema nao. Aliniomba nimpeleke, nikampeleka. Tulifika kwenye boma tukakaa juani, na mama mkwe alitoka akasema maneno machache kwa Kiturkana, bila hasira. Alisema, "Wewe uliona vema kumficha mwanangu. Sasa na sisi tumeona vema." Akarudi ndani. Chifu alisema ni mambo ya familia. Ofisi nyingine ilisema mama aje mwenyewe alalamike, na mama alikataa, kwa hofu.

Wanawake wakaacha kuja. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyegombana. Niliketi dirishani na kikohozi hakikuja, chanjo zikaja za kweli tupu. Sista alikaa chumbani na mlango umefungwa, na sikusikia mtoto akilia wala akicheka humo. Nilipata uchungu ambao sijui niuelezeje. Nilikasirikia ile mashine, nikakasirikia umeme, nikamkasirikia yeye. Walimpa barua ya kustaafu mapema kwa sababu ya afya, yenye maneno mazuri. Aliniomba nimsomee. Mgeni alikuwa pale mezani na hakutaka aisome yeye.

Akahamia Kakuma, kwa mdogo wake mwenye duka la unga na sabuni, karibu na barabara ya kuingilia kambini. Nilidhani amefuata mwalimu wake. Lakini mwalimu alikuwa ameshapata safari, amepelekwa nchi ya mbali na familia yake, na lile darasa lilikuwa limefungwa.

Nilichelewa kwenda kumwona. Kila nikipanga, kinatokea kitu, na ukweli ni kwamba sikutaka. Nilipokwenda hatimaye nilimkuta nyuma ya duka, kwenye kachumba kenye kitanda na meza, kompyuta mbele yake. Alikuwa amekonda. Alinisikia nikivua viatu akasema, "Wewe wa dirishani." Nikaketi kitandani. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha.

"Kainuk umesikia nini?" aliuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kudanganya, nikashindwa. Nilimwambia yule mwanamke anauza makaa kando ya barabara, karibu na kizuizi cha polisi. Nilimwambia watoto hajawaona.

"Na yule mdogo?"

"Anatembea. Wanasema anamwita bibi yake mama."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitishiwa bei aliyoijua. Kisha akasema, "Nimeongeza mbio."

"Kweli?"

"Tangu nihamie hapa. Kila wiki kidogo, alivyosema Mwalimu. Sikuwa na kazi nyingine. Sikiliza."

Akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Akabonyeza. Sauti ikatoka kwenye spika ikibwata, kasi ileile ya mwalimu, labda zaidi, mkwaruzo mmoja mfupi ukaisha. Akanigeuzia uso. Macho yake yalikuwa wazi na yalitazama karibu na bega langu.

"Umesikia nini?"

Nilikuwa nimesikia. Mtu mwingine asingesikia, lakini mimi nilikuwepo ile siku, na maneno yale nayajua kwa mpangilio wake kama ninavyojua sala. Nilisikia jina la yule mwanamke na la baba yake. Nilisikia mume hajui. Alikuwa ameyaandika upya, kwa kichwa, na alikuwa anayachezesha.

Nilidhani ninajua anachokihitaji. Nilidhani anataka kuambiwa amefaulu, kwamba hatimaye amejua kufunga mlango. Sura yake ilikuwa inangoja kiasi kwamba sikuweza kumnyima.

"Sikusikia kitu, Sista," nilisema.

"Hata jina?"

"Hata jina."

"Na mdogo wangu alisema hivyo," alisema. "Na nesi mdogo alikuja, naye akasema hivyohivyo. Nilimwambia asikilize vizuri, nikarudia." Mkono wake ulikuwa juu ya kompyuta, unaipapasa pembeni. "Nilidhani wewe utasikia. Wewe ulikuwepo. Nilisema kama yeye wa dirishani akisikia, basi mbio si kitu, ingetokea tu."

Niliutazama ule waya aliouchomoa.

"Kumbe ingezuilika," alisema. "Kidogo kidogo tu kila wiki. Na yule mama angekuwa na watoto wake."

Nilitaka kusema nimesikia, nimesikia yote. Lakini ningemwambia sasa, angejua nimesema kwa huruma, na asingeniamini. Nje, mdogo wake alikuwa anampimia mtu unga.

Baadaye aliomba nimwache apumzike. Nilimshika mkono, akanishika, akaniuliza nimepanda gari gani na kama kuna vumbi njiani. Nilipofika kizingitini aliniambia nifunge mlango. Ulikuwa mlango wa bati, mwepesi, ukafungika mara moja.